Taa za nje za LED zinakusumbua? Pima pawasaplai kwanza ndo ulaumu taa

Hapa Malindi ukipita Casuarina usiku, au kule Silversands, unaona taa za LED kila mahali, kwenye bustani, chini ya makuti, kwenye ngazi, pembeni ya bwawa, halafu ukipita tena kusi ikishapiga nusu yake zimekufa. Mwenye nyumba atakwambia taa zilikuwa feki. Saa zingine ni feki kweli, sikatai, lakini mara nyingi taa yenyewe haina kosa, shida iko kwenye kile kiboksi kinachogeuza stima ya 240 iwe volti 12 au 24, yaani pawasaplai, au iko kwenye waya uliotoka hapo kwenda kwenye taa. Sasa mtu ananunua roli mpya ya stripu, yaani ule utepe wa LED, anaunga palepale kwenye pawasaplai ileile, na haipiti muda tena giza.

Kwa hivo kabla hujatoa pesa tafuta mita ya kupima volti, hizi za dijitali za kawaida zinatosha kabisa, halafu pima taa zikiwa ZIMEWAKA. Hapo ndo wengi wanapotea, wanachomoa taa wanapima pawasaplai peke yake wanaona 12 safi, wanasema hii nzima. Pawasaplai isiyobeba kitu itakuonyesha 12 hata kama imechoka hoi. Ibebeshe mzigo kisha upime sehemu mbili, pale waya zinapotoka kwenye pawasaplai na kwenye taa ya mwisho kabisa. Hizo namba mbili ziandike mahali maana karibu kila kitu hapa chini kinarudi kwa hizo.

Upande wa 240 kama si fundi usiuguse, zima breka uite mtu. Upande wa 12 au 24 hautakuua lakini muungano mbovu unaopitisha ampea nyingi unashika moto vizuri tu, na chini ya makuti makavu ya mwezi wa pili huo si mchezo.

## Mwanzo wa laini zinang'ara, mwisho zimefifia

Hii ndo inaongoza. Taa za karibu na nyumba ziko sawa, za kule getini hata nyasi hazionekani. Unapima kwenye pawasaplai unapata 12, unapima getini unapata 9 na pointi. Basi hapo pawasaplai ni nzima na taa ni nzima, volti zimeliwa na waya njiani.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme una taa 12 za kuchomeka ardhini, kila moja wati 5, jumla wati 60, na zote ziko mwisho wa laini ya mita 20. Kwa volti 12 hizo ni ampea 5. Waya wa shaba wa 1.5 (yaani unene wa milimita za mraba 1.5) una ukinzani wa kama omu 0.012 kwa kila mita, na mita 20 za umbali ni mita 40 za waya, manake stima inaenda na inarudi. 40 mara 0.012 mara 5 unapata 2.4. Kwa hivo taa zako zinakula 9.6 badala ya 12. Sasa kuna ule waya wa spika wa 0.75 ambao watu wanaupenda kwa sababu ni rahisi kuuficha, huo kwa hesabu hiyohiyo unakula karibu volti 5, ni balaa. Ukiweka 2.5 unapoteza 1.5, afadhali lakini bado.

Hebu sasa chukua taa zilezile wati 60 lakini za volti 24. Ampea zinashuka mpaka 2.5, na ule waya wa 1.5 unakula volti 1.2 tu kati ya 24. Asilimia 5 badala ya asilimia 20, bila kununua waya mpya. Ndo maana mtu akiniuliza achukue 12 au 24 kwa kazi ya nje mimi namwambia 24 bila kufikiria, labda kama ni kitu cha mita mbili tatu, vitaa vya ngazi au chini ya baraza. Ila lazima taa nazo ziwe za 24, usije ukachukua stripu ya 12 uliyonayo ukaiunga kwa pawasaplai ya 24, itawaka vizuri sana kwa dakika chache.

Na usisahau kwamba stripu yenyewe ni waya pia, tena mwembamba. Ile ya 12 usivute zaidi ya mita 5 kwa kuilisha upande mmoja, ya 24 unaweza kufika kama 10. Ukiunganisha roli mbili tatu moja nyuma ya nyingine ile ya mwisho itafifia tu hata kama pawasaplai yako ni ya wati 1000.

Wenye stripu za kubadilisha rangi wana dalili yao. Mama mmoja wa gesti aliniita akaniambia, "Fundi, mbona hizi nyeupe huku mwisho zimekuwa za machungwa, uliniwekea za aina mbili?" Nikamwambia, "Hapana mama, ni roli moja hiyohiyo, stima ndo haifiki." Kwa nini machungwa? Nyeupe ya stripu hizo inatengenezwa kwa kuwasha nyekundu, kijani na buluu pamoja. LED nyekundu inahitaji kama volti 2 tu kuwaka, kijani na buluu zinataka kama 3, na kwenye stripu ya 12 zimepangwa tatu tatu, kwa hivo nyekundu inaridhika na 6 wakati wenzake wanataka 9. Volti zikishuka buluu na kijani ndo zinaanza kuchoka, nyekundu inabaki inadunda. Kwa hivo ukiona weupe unageuka rangi kadiri unavyoenda mbali huhitaji hata mita, jibu unalo.

Kama ushaweka kila kitu na hutaki kung'oa, dawa ya kwanza ni kulisha stripu pande zote mbili, vuta waya mwingine kutoka kwenye pawasaplai mpaka ule mwisho, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ya pili ni kusogeza pawasaplai karibu na taa, ile 240 ndo isafiri umbali mrefu kwenye kebo yake ya ardhini ya maana. Ya tatu ni kugawa, pawasaplai mbili ndogo kila moja na laini yake, ila zisiunganishwe midomo, usiunge chanya ya hii na chanya ya ile ukidhani utapata nguvu mara mbili, zitapigana, moja itabeba yote na ile ingine itakaa.

Kuna wale wanaona kile kiskrubu kidogo kimeandikwa ADJ pembeni ya pini za kutokea, wanakizungusha mpaka mita inasoma 13 na kitu ili mwisho ufike 12. Nusu volti sawa. Zaidi ya hapo za mwisho zitafurahi na za mwanzo utazizika.

## Zinakonyeza, zinawaka na kuzima kila sekunde

Kama zinakonyeza kwa mpigo, tak, tak, tak, pawasaplai inakwambia imezidiwa. Inajaribu kuwasha, inaona mzigo mkubwa, inajizima kujiokoa, inapumzika kidogo, inajaribu tena. Chomoa nusu ya taa. Zikitulia ujue umebebesha kupita kiasi. Ukichomoa zote na mita bado inaruka juu chini, pawasaplai imekufa, mara nyingi ni kapasita, vile vikopo vidogo vya ndani vya kuhifadhi stima, zimevimba. Na kama inatulia kila laini isipokuwa moja, basi hiyo moja ina shoti mahali, tafuta kwenye miungano kwanza.

Kuzidiwa kunatoka wapi? Kutoka dukani. Mtu anaenda anasema nipe ya roli tatu, anapewa iliyoko kwenye shelfu. Wewe fanya hesabu nyumbani. Angalia stripu imeandikwa wati ngapi kwa mita, ile nyembamba ya LED ndogo 60 kwa mita ni kama 4.8, ile yenye LED kubwa 60 kwa mita ni 14.4. Roli moja ya mita 5 ya hiyo kubwa ni wati 72. Sasa usinunue ya 72, wala ya 75. Pawasaplai inapenda kubeba kama asilimia 80 ya kilichoandikwa, kwa hivo gawa 72 kwa 0.8 unapata 90, chukua ya 100. Roli tatu ni 216, gawa unapata 270, chukua ya 300 au uchukue tatu za 100, mimi ningechukua tatu za 100 kwa sababu moja ikifa usiku wa wageni hukai giza lote.

Na hapohapo dukani soma lebo mpaka mwisho. Volti mara ampea lazima zitoe wati. 12V 8.3A ni wati 100, sawa. Ukikuta imeandikwa 100W kwa herufi kubwa halafu chini kwa herufi za chungu 12V 5A, hiyo ni ya 60, imevaa kanzu ya baba yake. Ibebe pia mkononi, ya wati 200 ambayo ni nyepesi sana ndani hamna kitu.

Kama kukonyeza hakuna mpigo, ni kama zinatetemeka tu, uliza kama zimeungwa kwa transfoma ya zamani ya halojeni. Nyumba nyingi za kukodisha hapa zilikuwa na halojeni za 12, fundi anabadilisha balbu anaweka LED, transfoma anaiacha. Ile inatoa stima ya AC ya kasi, inayogeuka geuka mwelekeo, si DC inayopita upande mmoja tu, na nyingi zinataka mzigo wa kuanzia kama wati 20, LED tatu za wati 3 haziitoshi hata kuamka vizuri. Toa, weka pawasaplai ya DC ya LED. Dima ya ukutani, ile ya kupunguza mwanga, nayo vilevile, ile ya kuzungusha ya balbu za kawaida usiiweke kabla ya pawasaplai ambayo haijaandikwa kwamba inakubali, italia mbuuu na taa zitacheza. Dima ya LED inakaa baada ya pawasaplai, upande wa volti ndogo.

Na kama zinawaka dakika moja, zinazima, zinawaka, zinazima, si pawasaplai kabisa, ni sensa ya mwanga inaona taa zako zenyewe. Giza linaingia inawasha, mwanga unaipiga usoni inadhani kumekucha. Igeuze itazame mbali.

## Zinawaka kama lisaa halafu zinazima zenyewe, baadaye zinarudi

Hilo ni joto. Ndani ya pawasaplai nzuri kuna kinga, ikipita kiwango inajizima mpaka ipoe. Mbaya haina kinga, inaungua tu.

Angalia imekaa wapi. Nishaikuta juu ya dari chini ya mabati, imefungwa ndani ya kiboksi cha plastiki ambacho hakina hata tundu, na mwenye nyumba anashangaa. Mabati yamechomwa na jua kutwa nzima, saa kumi na mbili na nusu jioni taa zinawashwa na kule juu bado ni jiko, ndo pawasaplai nayo inaanza kutoa joto lake. Karatasi za watengenezaji zinasema wazi, nyingi zinabeba mzigo kamili mpaka joto la mahali zilipo lifike kama digrii 40 au 50, kupita hapo unatakiwa uzipunguzie. Na zile kapasita za ndani, kila ukiongeza digrii 10 umri wake unakatika nusu, hiyo ni kanuni ya kawaida ya vifaa hivo. Kwa hivo pawasaplai ambayo ingeishi miaka kumi kwenye kivuli chenye upepo, juu ya dari inakufa mapema na hakuna wa kulaumiwa.

Itoe hapo. Ukuta wa kaskazini au wa kusini wenye kivuli cha kutwa, hewa inapita, imekaa kwenye chuma au simiti, isibanwe na ingine. Usiifunge kwenye makuti wala boriti za makuti moja kwa moja hata kama imeandikwa nini. Nyumba za makuti zina raha yake lakini zinaungua haraka kuliko utakavyotafuta ndoo.

Zile za bati lenye matundu mengi, zingine zina feni, hizo ni za ndani. Feni inavuta hewa, na hewa yetu ina chumvi. Halafu mjusi kafiri anapenda sana humo, kuna joto na wadudu wanakuja kwenye mwanga, anaingia anagusa pini mbili, anakufa yeye na pawasaplai.

## Mvua ikinyesha breka inaanguka

Au breka haianguki lakini asubuhi ya mvua taa zimefifia au zimezima, mchana jua likipiga zinarudi. Kuna maji mahali, swali ni wapi.

Watu wanasoma IP67 wanadhani wamemaliza. Hizo namba, ya kwanza ni vumbi na ya pili ni maji. IP20 haina kinga ya maji hata tone. IP44 inavumilia kurushiwa rushiwa. IP65 inavumilia kupigwa na maji ya mpira. IP67 inaweza kuzama mpaka mita moja kwa nusu saa. Sasa hiyo 67 ni ya mwili wa pawasaplai tu, ule wa alumini uliojazwa gundi ndani. Waya mbili zinazotoka kila upande, ukiziunga kwa kusokota na tepu nyeusi, umeshaiharibu. Maji yanaingia kwenye tepu, yanapanda ndani ya waya katikati ya nyuzi za shaba kama mafuta kwenye utambi, na yanaweza kufika mbali na pale yalipoingilia. Fungua tepu ya mwaka mmoja hapa pwani uone, inanata vidole, halafu shaba ndani imekuwa unga wa kijani. Na angalia vizuri, waya wa chanya ndo umeliwa zaidi. Stima ya DC ikipita kwenye maji ya chumvi inakula upande wa chanya, kwa hivo mara nyingi utakuta hasi bado ina rangi na chanya ukiigusa inakatika.

Jambo lingine, majaribio ya IP yanafanywa kwa maji ya kawaida. Chumvi haimo kwenye hizo namba. Nyumba ya mstari wa kwanza baharini, kusi ikivuma kuanzia mwezi wa nne, chumvi inakaa juu ya kila kitu, skrubu za bati zinaoza na kifuniko kinaachia. Huko tafuta vifungo vya chuma cha pua na uoshe viboksi kwa maji yasiyo na chumvi mara mojamoja kama watu wa boti wanavyoosha injini. Watu wa boti pia wanatumia waya wa shaba uliopakwa bati, ule unaoonekana mweupe ndani, unakaa sana, ukiupata chukua.

Miungano chomea kwa risasi, vaa mpira wa kujibana kwa moto wenye gundi ndani, au tumia vile viungio vya kujaza jeli, halafu ndo uweke kwenye kiboksi. Waya uingie kiboksi kwa chini, na kabla haujaingia uache ushuke uning'inie kidogo ndo upande, ili tone la mvua lidondokee hapo lisifuate waya mpaka ndani. Usizibe kiboksi kizima kwa silikoni, hewa ya ndani usiku ikipoa inatoa jasho na hilo jasho halina pa kutokea, acha kitundu kidogo chini kabisa. Na kuna zile pawasaplai pana za bati zimeandikwa za kuvumilia mvua, zile si za kuzama wala kulala, zinatundikwa wima, waya na matundu yakitazama chini. Ukiilaza juu ya ukuta umeigeuza sahani.

Kama breka inaanguka mvua au jua, na ni pale tu unapowasha, hiyo ni ingine. Pawasaplai ikiwashwa inavuta stima nyingi kwa kitambo kidogo sana, moja haina neno lakini ukiwa nazo sita saba kwenye swichi moja breka inaona ni shoti. Zigawe, au fundi aweke breka ya aina ya C, ile inayovumilia kishindo cha kuwasha. Kishindo hichohicho ndo kinagandisha zile sensa ndogo za mwanga, unakuta taa zinawaka mpaka saa sita mchana, watu wanasema sensa feki, kumbe pini zake za ndani zimeshikana.

## Haiwaki kabisa

Kama ni mpya na imepasuka paa ulipowasha mara ya kwanza, geuza pembeni utaona kiswichi kidogo chekundu kimeandikwa 115 na 230. Zile za bati la matundu nyingi zinacho. Kiwe kwenye 230 kabla hujaunga chochote, sisi stima yetu ni 240. Kikiwa kwenye 115 hakuna cha kutengeneza hapo tena.

Kama pawasaplai inasoma 12 na taa ziko kimya, geuza waya, stripu haiwaki ukiiunga kinyume na kwa kawaida haiharibiki.

Kama ni ya floodi, ile taa kubwa ya kumulika uwanja, au taa ya chipu moja kubwa, soma lebo, ukiona milliampea zimetajwa moja na volti zimeandikwa kutoka namba hii mpaka ile, mfano 300mA 30-42V, hiyo ni draiva ya kushika ampea si ya kushika volti. Haiendi na stripu, na pawasaplai ya stripu haiendi na hiyo. Madukani zinakaa shelfu moja na zinafanana.

Kama ilikuwa nzima, stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, ikafa, basi unajua mwenyewe. Za kawaida zinavumilia mpaka kama volti 264 za kuingilia. Zipo za kazi za nje zimeandikwa mpaka 305, bei imechangamka lakini kwenye nyumba ambazo stima inacheza au kuna jenereta inayopokezana zinajilipa. Weka na kinga ya mshtuko wa stima kwenye boksi kuu.

Kipande kidogo tu katikati ya stripu kimezima, LED tatu au sita mfululizo, zingine zinawaka, hapo pawasaplai haihusiki, kata hicho kipande kwenye alama uunge kingine.

## Nimezima lakini bado zina mwanga kidogo

Au zinamulika mara moja kila baada ya muda usiku kucha, watu wanasema jini. Swichi imekata nyutro (waya wa kurudi) badala ya laivu (waya wenye stima), au ni swichi yenye kitaa cha kuonyesha ilipo gizani, stima kidogo inavuja inajaza pawasaplai polepole, ikijaa inajaribu kuwasha. Fundi arekebishe ukatwe laivu. Kama ni kile kitaa cha swichi, badilisha swichi.

## Wa sola, hasa huko Lamu

Manda, Kipungani, Matondoni, nyumba nyingi zina betri na paneli, na hapo watu wanasema betri ni 12, stripu ni 12, ya nini pawasaplai. Betri si 12. Ikichajiwa inapanda mpaka 14.4, ikichoka usiku iko 11 na kitu. Kwenye stripu ya 12, LED tatu zinakula 9 na kile kizuizi kidogo cha kupunguza ampea (rezista) kinabaki na 3. Ukipandisha mpaka 14.4 LED hazibadiliki sana, kizuizi ndo kinapata 5 na kitu, na ampea zinapanda nusu zaidi au kupita. Taa za usiku tu unaweza kuponea kwa sababu jua halipo, lakini kama una taa za ukumbini zinazowaka mchana, zile nyumba za mawe za Lamu ndani ni giza hata saa sita, au unawasha chaja ya jenereta jioni, utaona LED zinaanza kuwa nyeusi moja moja katikati ya roli.

Dawa ni kibadilishi cha DC kwenda DC, kile kinachokubali kuanzia 9 mpaka 18 na kutoa 12 tuli, si kile cha kushusha tu, maana cha kushusha betri ikifika 11 nacho kinashuka. Kikadirie kwa hesabu ileile ya asilimia 80.

Wengine wanapita njia ndefu, betri ya 12 kwenda inveta, 240, halafu pawasaplai ya kuirudisha 12. Inafanya kazi lakini unapoteza kama robo ya nguvu njiani, na kama inveta ni ile rahisi isiyotoa wimbi safi pawasaplai za bei ndogo zinanguruma na kupata moto. Kwa mtu anayehesabu betri mpaka alfajiri robo ni nyingi.

## Mabaki

Kila laini inayotoka kwenye pawasaplai kubwa iwekee fyuzi yake ndogo ya gari. Pawasaplai ya ampea 25 ikipata shoti kwenye waya mwembamba haioni kama ni shoti, inaona ni mzigo, inasukuma tu mpaka waya uyeyuke.

Bwawa ni habari ingine. Taa za ndani ya maji nyingi ni za AC 12, zingine zinakubali AC na DC, soma mgongo wa taa. Transfoma yake iwe ile ya usalama yenye kutenganisha kabisa na 240, na ikae mbali na ukingo, chumba cha pampu au ukutani, si chini ya mawe ya pembeni ambako nishaona watu wameificha kwenye maua. Breka ya RCD, ile inayokata stima ikivuja, iwepo na ujaribu kile kitufe chake. Kama hakiangushi, msiingie majini mpaka fundi aje.